Kusalimisha silaha na kuzuia visu: maswali tunayoulizwa vijijini Mtwara na Lindi

Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama katika kijiji kimoja wilayani Masasi. Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya kijiji, kwenye foleni ya kupima korosho ghalani, na mengine nimeulizwa nikiwa juu ya bodaboda. Sikuyapanga kwa uzito. Lililonisumbua nimelijibu kwa urefu, jepesi nimelipita.

Tukisalimisha silaha uhalifu utapungua kweli, au ni mambo ya kupiga picha tu?

Inategemea nani analeta na analeta nini. Serikali ikitangaza msamaha, wa kwanza kufika kituoni ni mjane mwenye gobore la marehemu, mzee aliyeacha kuwinda, na kijana aliyeokota risasi akilima. Jambazi anayekula kwa mtutu haji. Kwake ile bunduki ndiyo jembe. Kwa hiyo meza ya kituo inajaa, picha zinapigwa, na njia ya usiku inabaki kama ilivyokuwa.

Marekani wamelijaribu hili kwa miaka mingi. Mji unatangaza siku moja, mara nyingi Jumamosi, anayeleta bunduki anapewa pesa au kadi ya kununulia vitu dukani, bila kuulizwa ilikotoka. Watafiti waliofuatilia miji hiyo hawakuona mauaji wala unyang'anyi wa bunduki ukipungua. Zinazoletwa ni chache mno ukilinganisha na zilizobaki majumbani, nyingi ni mbovu, na aliyeuza ya zamani anaweza kuingia dukani kesho yake akanunua mpya.

Australia ni habari nyingine. Aprili 28, 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania. Serikali haikubembeleza mtu. Ilipiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, ikaweka leseni na usajili nchi nzima, ikanunua kwa lazima bunduki zipatazo 650,000 na kuziharibu. Vifo vya risasi vilishuka, hasa vya watu kujiua. Matukio ya mtu mmoja kumiminia risasi kundi la watu, ambayo kabla ya hapo yalikuwa yakijirudia, yalikatika kwa miaka mingi. Wataalamu wanabishana hadi leo, maana vifo vilikuwa vimeanza kushuka hata kabla ya sheria. Mimi nashikilia hivi: kilichofanya kazi pale ni kule kuzuia mpya zisiingie. Ukikumba maji mtumbwini bila kuziba tundu, utachoka wewe, maji hayachoki.

Brazil nao walikwenda njia hiyo. Sheria kali ikapita mwaka 2003, mwaka uliofuata wakaanza kununua silaha kwa wananchi, wakakusanya mamia ya maelfu. Mwaka 2004 vifo vya risasi vikashuka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi ya kupanda. Oktoba 2005 wananchi wakapigia kura wazo la kukataza kabisa uuzaji wa bunduki, na karibu asilimia 64 wakalikataa. Watu walikuwa tayari kupeleka bunduki, lakini hawakuwa tayari kuamini kwamba polisi wangewalinda bila hizo. Hilo hata kijijini kwangu lipo.

Mbona jirani zetu Msumbiji wanasifiwa sana kwa jambo hili?

Na wanastahili. Vita vyao vya miaka 16 vilikwisha kwa mkataba uliotiwa saini Roma, Oktoba 4, 1992. Askari walirudi makwao, bunduki zikabaki zimezikwa mashambani na kwenye vichaka. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa msukumo wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa zana. Unaleta bunduki, unaondoka na baiskeli, cherehani, mabati au majembe. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakaunganisha vipande kuwa sanamu. Kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa mitutu na vitako mwaka 2001 na msanii Kester kiko hadi leo kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London.

Kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba mwaka huohuo wa 1995 polisi wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walianza Operesheni Rachel, ya kufukua na kulipua maghala ya silaha yaliyofichwa. Baiskeli zilitoa bunduki zilizokuwa chini ya vitanda, na maghala makubwa yakatolewa na polisi. Njia moja peke yake isingetosha.

Halafu tusijidanganye. Oktoba 2017 mapigano yalianza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, na Oktoba 2020 moto ukavuka Ruvuma ukafika Kitaya, huku kwetu Mtwara. Watu wengi kule ng'ambo walichinjwa kwa mapanga, chombo ambacho hakuna askofu wala polisi aliyewahi kuomba kisalimishwe.

Nimekuta gobore la marehemu babu darini. Nikilipeleka si nitawekwa ndani?

Kwanza, usilishike. Mwaka juzi nilisimama na mama mmoja, jirani yangu, siku askari alipokuja kulichukua la marehemu baba mkwe wake. Lilikuwa limelazwa juu ya boriti, limeviringishwa kwenye kiroba cha salfa, mdomo wa mtutu umezibwa kwa kipande cha kaniki. Mama alilihesabu kuwa bomba la chuma tu. Askari alichokonoa mtutu kwa waya taratibu sana. Likatoka tambara, vikafuata vipande vya nondo, mwisho ikamwagika baruti nyeusi kama mbegu za mchicha. Mzee alilishindilia kwa ajili ya nguruwe pori wa shambani, akafa, likabaki hivyohivyo, na wajukuu wanne wakawa wanalala chini yake kila usiku.

Sasa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila bunduki iwe na kibali, na gobore ni bunduki. Kurithi nyumba hakukurithishi kibali cha marehemu. Ila kuna mlango. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Tanzania imekuwa ikitangaza msamaha wake katika kipindi hicho. Wa mwaka 2023 ulichukua Septemba na Oktoba. Ndani ya siku hizo, anayesalimisha hashtakiwi kwa kumiliki. Msamaha huo ni wa kumiliki tu. Kama bunduki ilitumika kwenye tukio, tukio lina kesi yake.

Nje ya siku za msamaha, usilipakie kwenye bodaboda ukisema unalipeleka kituoni. Ukisimamishwa njiani hakuna atakayekuamini, na kesi za bunduki zinaweza kufunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambako dhamana si ya kuulizia dirishani. Mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, wamwite polisi kata, aje alikute palepale lilipo mbele ya mashahidi. Omba uandikiwe karatasi ya makabidhiano. Ukipewa maneno matupu, ng'ang'ania karatasi.

Basi kama majambazi hawaleti, faida iko wapi?

Iko kwa wajukuu wale wanne. Iko kwa mwizi atakayevunja nyumba na kukosa bunduki ya kuondoka nayo, kwa sababu silaha nyingi haramu zilianza maisha zikiwa halali mahali fulani. Iko kwa mume aliyerudi na uraka, pombe ya mabibo, kichwani, na kwa kijana aliyekata tamaa ya kuishi. Hayo ni maisha ya watu, hata kama hayaingii kwenye hesabu ya ujambazi. Mimi hutetea usalimishaji kwa sababu hizo, na nikisikia kiongozi anaahidi kwamba utamaliza ujambazi, huwa nainama kufunga kamba za viatu.

Kwa nini Serikali isipige marufuku mapanga?

Aliyeuliza hili alikuwa na panga mkononi, ametoka palizi. Tulicheka, naye akacheka.

Huku Kusini panga ndilo la kusafishia chini ya mikorosho kabla ya kuokota, la kukatia kuni, la kupasulia dafu, la kuulia nyoka. Fundi wa Kimakonde anayechonga mpingo ana tezo, patasi na visu kuliko bucha. Mama anayepara samaki feri ana kisu kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mnazi, na hicho ndicho kinachosomesha wanawe. Ukikataza hivyo, umewakataza watu kula.

Zaidi ya hapo, mpaka wa chombo na silaha haupo kwenye chuma. Panga lile lile ni zana saa mbili asubuhi shambani na ni tishio saa tano usiku kilabuni. Kwa hiyo sheria yenye akili huuliza saa na mahali, na sababu ya kuwa nalo.

Uingereza wamekataza visu. Imewasaidia?

Wamekataza aina fulani fulani. Visu vya kufyatuka vilipigwa marufuku mwaka 1959. Sheria ya 1988 ikafanya kuwa kosa kutembea hadharani na kisu bila sababu ya msingi, isipokuwa kile kidogo cha kukunja chenye ubavu usiozidi inchi tatu. Kumuuzia kisu mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa. Septemba 24, 2024 England na Wales zikaongeza marufuku kwa mapanga ya kutisha wanayoyaita visu vya zombi, baada ya wiki kadhaa za kuyasalimisha kwa fidia.

Somo kubwa wanalo tangu 2006. Walifanya msamaha wa visu nchi nzima, Mei hadi Juni, wakakusanya karibu visu 90,000. Polisi wa London walipopima, uhalifu wa visu ulikuwa umeshuka kidogo, kisha ndani ya wiki chache ukarudi palepale. Haishangazi. Kisu kinachoua zaidi kule ni cha jikoni, na kila nyumba ina droo iliyojaa. Ukisalimisha kimoja leo, kesho unachukua cha mama.

Madaktari wa dharura wa kule waliwahi kuandika mwaka 2005 kwamba visu virefu vya jikoni vitengenezwe bila ncha, kwa sababu kinachoua ni ncha. Kisu kisicho na ncha hukata nyanya vizuri tu lakini hakizami kifuani. Wazo hilo wengi walilicheka. Mimi sikulicheka, maana mapanga yetu mengi yana kichwa butu, na majeraha yake huwa mikononi na kichwani, ya kutisha macho, lakini aliyechomwa kisu cha samaki tumboni ndiye anayekufa akiwa na tundu dogo.

Nikitembea na panga langu naenda shamba, askari anaweza kunikamata?

Panga la shamba si kosa. Kanuni ya Adhabu inamlenga anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatisha watu. Ukibeba lako begani alfajiri pamoja na kidumu cha maji, sababu inaonekana. Ukilibeba usiku kwenye ngoma, lieleze.

Ila kuna jambo vijana wengi hawalijui, na likiwafika huwa wameshachelewa. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na sheria haisemi bunduki peke yake. Panga ni silaha. Kisu ni silaha. Hata rungu. Kijana aliyemtolea mwenzake kisu ili achukue simu anahesabiwa sawa na aliyetoa bastola benki. Hata hivyo adhabu hiyo kali ipo miaka yote na panya road, yale magenge ya vijana, walivuma Dar es Salaam wakiwa na mapanga. Kijana wa miaka 17 hahesabu miaka 30, anahesabu kama atakamatwa usiku ule.

Basi nini kimewahi kufanya kazi mahali popote?

Nitachukua mifano mitatu, na ya kwanza ndiyo iliyonifungua macho.

Kolombia, miji ya Cali na Bogotá, miaka ya 1990. Hawakukusanya bunduki. Walikataza kubeba, hata kwa mwenye kibali, katika siku maalumu: mwisho wa juma baada ya mishahara, sikukuu na siku za uchaguzi. Polisi wakaweka vizuizi barabarani siku hizo. Mauaji katika siku za katazo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 14 Cali na 13 Bogotá, kulinganisha na siku zinazofanana bila katazo. Bunduki zilikuwa bado majumbani. Zilikosekana tu pale pesa na pombe zilipokutana.

Diadema, mji wa Brazil karibu na São Paulo, walianza na pombe. Waligundua mauaji mengi yanatokea kati ya saa tano usiku na alfajiri, wakapitisha sheria mwaka 2002 kwamba baa zote zifungwe saa tano. Watafiti walikadiria mauaji karibu tisa yaliepukwa kila mwezi.

Glasgow, Scotland, polisi walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili mwaka 2005, wakautazama kama ugonjwa wa kuambukiza. Waliwaita vijana wa magenge mahakamani bila kuwashtaki, mama aliyefiwa akasimama akasema yake, daktari akaeleza anachokishona usiku, na mwishoni wakapewa namba ya kupiga kwa anayetaka kazi au kuacha pombe. Waliouawa Scotland nzima walikuwa 137 mwaka 2004/05. Miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 70. Kuna mengine yaliyochangia pia.

Sasa geukia kwetu. Sisi tuna siku zetu za mshahara, na kila mtu anazijua: zile siku chache baada ya mnada, malipo ya korosho yakiingia. Mtu aliyekaa miezi minane kwa mkopo wa dukani anaamka ana milioni. Mabibo yameiva, uraka uko kila kitongoji, nipa, ile kali zaidi, iko nyuma ya uraka. Jirani anakumbuka deni, shemeji anakumbuka mpaka wa shamba. Ongeza sherehe za jando na unyago za likizo ya Desemba, ngoma hadi asubuhi. Ugomvi wa Kusini una kalenda yake.

Kwa hiyo kijiji changu tulipeleka pendekezo la sheria ndogo, ambayo mkutano mkuu wa kijiji huipitisha na halmashauri ya wilaya kuidhinisha. Ni la kurasa mbili. Wiki ya malipo, vilabu vifungwe saa nne usiku. Anayeingia ngomani aache panga na kisu kwa mwenye shughuli, ambaye atakuwa na mtu wa kuvipokea na kuviandika, na kila mtu arudishiwe chake asubuhi. Hakuna kunyang'anywa. Wazee walilipenda hilo la mwisho kuliko yote, na mmoja akakumbusha kwamba zamani mgeni akija barazani aliacha silaha mlangoni bila kuambiwa.

Wenye vilabu hawakulipenda. Nawaelewa, wiki ile ndiyo mavuno yao pia.

Na wafugaji wanaotembea na sime na fimbo?

Hili linakuja zaidi Lindi, upande wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, tangu mifugo ihamishwe kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na kuletwa Kusini. Mkulima anaona sime kiunoni, anaona vita. Mfugaji ndiyo nguo yake, na porini kuna simba. Kumvua sime mfugaji huku mkulima amebaki na panga ni kuchagua upande, na kila mmoja ataona hivyo. Masharti yawe yaleyale kwa wote: mnadani, kilabuni, mkutanoni, hakuna chuma. Porini na shambani, kila mtu na chake. Na mnaojua mnajua kwamba mapigano mengi huanzia kwenye mbaazi zilizoliwa na fidia isiyolipwa. Lipeni fidia mapema.

Vijana wa ulinzi shirikishi wanaweza kupekua watu?

Waulize, washauri, wamwite polisi kata. Kupekua kwa nguvu waache polisi, na mwanamke apekuliwe na mwanamke. Nimeshaona upekuzi ulioanza kutafuta kisu ukaishia kwenye pochi yenye pesa za korosho. Na anayekutwa na kisu akapigwa, waliompiga nao wana kesi.

Tutajuaje kama mpango wetu umefanikiwa?

Msihesabu mapanga yaliyokusanywa. Hesabuni majeraha.

Cardiff, Wales, walifanya hivi kwanza: hospitali ikawa inamwuliza kila majeruhi ameumizwa wapi, saa ngapi, kwa nini, halafu taarifa hizo bila majina zikapelekwa kwa polisi na halmashauri ya mji. Wakagundua mengi ambayo hayakuwahi kufika polisi, wakahamisha doria kwenda kwenye baa zenyewe. Waliolazwa kwa kupigwa wakapungua kuliko katika miji inayofanana nao.

Hapa kwetu mtu akikatwa panga, familia mara nyingi huyamaliza nyumbani, na wengine huogopa hata kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi. Kitabu cha polisi kinabaki cheupe. Kitabu cha zahanati hakidanganyi, kwa sababu jeraha halishoneki nyumbani. Nilimwomba mganga mfawidhi aongeze safu tatu kwenye daftari lake: siku, saa, mahali. Bila jina. Alichora kwa rula, kwa kalamu nyekundu. Tulipoketi mwisho wa msimu kusoma safu zile, hakuna aliyesema neno kwa muda. Majeraha mengi yalitoka sehemu moja, usiku wa Jumamosi, mita chache kutoka kilabu cha mjumbe wa kamati yetu wenyewe.